Miaka Mitatu Aliyonipunguza Baba

Ghala, Maskati
12 Mei 2025

Mpendwa Shangazi yangu Bi Bakhita,

Assalaam alaykum. Khabari za Unguja, na goti lako linaendeleaje? Mjukuu wako Rawya kaniambia umeanza kupanda ngazi bila ya kushikwa mkono, nikamshukuru Mungu. Sie huku wazima, ila joto limeshafika digrii arobaini na tatu na bado Juni haijaingia.

Najua kaka Saud keshakupigia simu. Atakuwa kakwambia nimeingiwa na wazimu, nnafunga karakana nihamie Urugwai peke yangu. Sasa lisikie kwa mwenyewe. Karakana sifungi, nnamwachia fundi wangu Hatem. Na kwenda, nnakwenda.

Unakumbuka nilivyoanza: cherehani moja, kofia za kushona kwa tarizi, kisha watu wakanicheka nilipogeukia viti vya magari. Leo nna mafundi kumi na wanne, na maduka ya magari ya Wattaya hayapeleki kiti kwa mwengine. Ngozi zangu zinatoka Urugwai miaka kumi na miwili sasa, zikipita mikono minne kabla ya kunifikia. Nnataka kukaa kule kule, nizichague na kuzikata mwenyewe.

Mwezi uliopita Saud aliwakusanya wanaume wa ukoo kwake Khuwair ya Kusini. Wakala halua, wakanywa kahawa, wakakubaliana karakana apewe mwanawe Loai. Mie sikuitwa. Aliyeniletea khabari ni Loai mwenyewe, maskini, kwa aibu, maana anajua hajui hata sindano ya ngozi inavyotiwa uzi.

Najua utauliza nitaishi vipi, basi sikiliza. Safari ni kama siku nzima na ushei, na ndege mbili au tatu. Saa zao ziko nyuma ya zenu kwa sita: ukisali adhuhuri Unguja, mie nnasali alfajiri. Sie huku tunaelekea magharibi, nyie kaskazini, na kule kibla kipo mashariki, kimeinamia kaskazini kidogo. Nimeshakipima kwenye ramani. Baridi yao ni Julai, kwa hivyo makoti nnanunua kabla. Umeme wao hautoziunguza cherehani zangu, ila matundu ya ukutani hayakubali plagi zetu, nimeshanunua vichwa sita vya kubadilishia. Nyama ya halali wanatuletea sie kwa makontena, lakini madukani kwao huikuti kirahisi, samaki wapo. Begi ni mbili, kilo ishirini na tatu kila moja, na kilo kumi na moja humo ni viungo. Kihispania nnasoma saa moja kila siku baada ya magharibi. Nishajua kuulizia ngozi na kukataa mbovu. Mengine nitayasikia huko huko.

Kilichonizuia ni karatasi.

Wakili wa kule alitaka pasi yangu, cheti cha kuzaliwa, na barua ya polisi kwamba sina kosa, vyote vigongwe mihuri kisha vifasiriwe Kihispania na mfasiri aliyeapishwa huko. Nikapeleka. Akanijibu: "Karatasi hizi ni za wanawake wawili. Nimwombee kibali yupi?"

Cheti cha Unguja kinasema nimezaliwa Novemba 1966. Pasi ya Oman inasema tarehe moja Januari 1970. Tuliporudi huku mwaka sabini na sita nilikuwa na miaka tisa na sijasoma, na darasa la kwanza hawachukui mtoto mkubwa. Baba akamwambia karani nna sita, naye akaandika Januari mosi, kama alivyowaandikia wengi. Nikakaa na watoto wadogo, magoti yakigonga dawati, nikawa wa kwanza. Huku hakuna anayeshangaa. Nusu ya harusi zetu wageni wote wamezaliwa Januari mosi na tunataniana kwa hilo. Kule hawaujui utani huo.

Wakili anataka ndugu mmoja mkubwa kuliko mimi, aliyekuwepo nilipozaliwa, aape kwamba wanawake hao wawili ni mmoja. Nikaenda kwa Saud. Akasema, "Baba ndiye aliyesema sita. Mie sifuti neno la Baba."

Nikamwambia, "Baba alinipunguza nipate kupita mlangoni. Huu mlango mwengine, nnaitaka miaka yangu."

Tangu siku hiyo, siku kumi na tisa, hajaitikia salamu yangu. Wanawake wengine wanahangaika kupunguza umri, na mie nnagombana na kaka yangu niongezewe.

Umebaki wewe, Shangazi. Rawya atakupeleka kwa wakili wa hapo mjini, kiapo ni ukurasa mmoja, na karatasi iwe imenifikia kabla ya tarehe thelathini. Najua Saud kakwambia usitie sahihi, utamtia Baba aibu. Baba alikuwa kaka yako kabla hajawa baba yetu, wewe unajua kama alikuwa mtu wa kuona haya kwa jambo alilomfanyia mwanawe. Ukikataa sitokununia. Nitatafuta njia nyengine, na nitakwenda.

Lakini nakukumbusha lile ulilonisimulia tangu nilipokuwa mdogo, kila mara na donge lile lile: ulikuwa na miaka kumi na mitano, siku ya mtihani wa darasa la nane, yunifomu umeshaipiga pasi, Mama akashikwa na uchungu wa kunizaa, ukatumwa mbio kumwita mkunga. Mtihani ukakupita, na shule ikaishia hapo. Hakuna mtu duniani anayeujua mwaka ule kama wewe. Safari hii swali ni moja tu, nilizaliwa lini, na hakuna wa kukutuma pengine. Nenda kaufanye mtihani wako.

Nisalimie Rawya na wote wa nyumbani. Mungu akupe nguvu ya goti na umri mrefu, tena uandikwe wote, usipunguzwe hata mwaka.

Ni mimi mwanao nikupendaye, wa miaka hamsini na minane,
Mahbuba