Dada Aliyesema Sikubali

Rosettenville, 12 Agosti 2017

Dada Mwanakombo,

Shikamoo! Mie mzima, saluni imejaa, baridi ya huku kusini mwa Afrika inaanza kukimbia.

Mteja kasahau kitabu hapa, maisha ya mama mmoja Mmarekani. Dada, huyo mama! Alikuwa anapiga taipu ofisini, akaandika mchezo wa kuigiza wa mambo ya kwao nyumbani, ukajaza ukumbi. Lakini alimweka dada yake mle bila kumuuliza. Dada mtu akanuna miaka tisa, mpaka mwenzie akatunga riwaya nzima ya kumwomba radhi.

Sasa na mie nimeandika mchezo! Mwezi ujao tunaucheza hapahapa saluni. Shekhe anamfuata bibi harusi chumbani kumuuliza kama amekubali kuolewa, naye anajibu, "Sikubali."

Najua nyumbani jambo lako hilo halitajwi. Jana kwenye mazoezi shekhe alikuwa Mama Victorine, Mkongomani ninayesuka naye, kajifunga taulo kichwani. Aliposikia jibu akasahau maneno yake, akapiga kelele, "Eish! Bravo, mwanangu!" Wateja wakapiga makofi, wengine kichwa nusu hakijasukwa.

Ukikataa, nipigie tu, naufuta. Miaka tisa siiwezi. Ila ujue, siku ile nilikuwa nyuma ya pazia, na mie nilitaka kukupigia makofi.

Mdogo wako mwenye kiherehere,
Nasra