Kiti Ambacho Hukuwahi Kukikalia

Mwalimu,

Tangu tukuzike sijakuandikia kwa sababu nilikuwa na hasira. Bado ninayo kidogo, lakini ligi ya vyuo imeisha na habari ni nzuri, kwa hivyo nisikilize.

Miaka sita nilikuwa msaidizi wako. Ulipougua, mkuu wa michezo alikuuliza nani achukue timu, ukamjibu, "Njoroge ni mtu wa mazoezi, si wa mechi." Nilikuwa mlangoni, Mwalimu. Mimi niliyetoka kupanga mbao kiwandani Elburgon, nikajilipia kozi za ukocha mwenyewe! Wakanipa timu kama kaimu: nisipomaliza ndani ya nafasi nne za kwanza, wanaleta mtu kutoka Nairobi.

Halafu vijana wako. Mechi ya kwanza waliweka kile kiti cheupe cha plastiki kando ya benchi, wakakifunga kitambaa cheusi. Cha Mwalimu, wakasema. Kikawa kinasafiri nasi kwa basi. Tukifungwa bao, jozi kumi na moja za macho zinakwenda kwa kiti. Mimi napiga kelele hapo kando, hakuna anayesikia. Kule Lanet mashabiki walitukejeli: "Kocha wenu leo mbona mpole hivyo?" Tukalala tatu bila. Mechi tano, pointi mbili. Kwa hesabu hiyo, nilikuwa narudi kwenye mbao.

Mechi ya sita, nyumbani, kabla ya filimbi ya kuanza, nilifungua kitambaa, nikakikunja vizuri, nikakaa.

Kiprotich, nahodha, akaja mbio. "Kocha, hiyo kiti ni ya Mwalimu."

"Umewahi kuona Mwalimu amekaa?"

Akafikiria. Barasa, yule kipa wako wa mdomo, akaangua kicheko. "Walai hata siku moja! Mzee alikuwa anatembea kwa laini mpaka nyasi inaisha."

"Sasa ilikuwa ya nani?"

"Si ni wewe ulikuwa unaikalia," Kiprotich akasema polepole.

Walicheka wote. Nikacheka pia, kisha nikajifanya naangalia saa.

Tulifungwa sisi kwanza. Macho yakaja kwa kiti kama kawaida, yakanikuta mimi. Nikamwonyesha Kiprotich kwa mkono: shuka, ziba kati. Akashuka. Tukashinda mbili kwa moja. Katika mechi tisa za mwisho tumeshinda sita, sare mbili, tumepoteza moja. Pointi ishirini hapo, jumla ishirini na mbili, nafasi ya tatu kati ya timu nane. Jumatatu chuo kimenithibitisha. Mimi si kaimu tena.

Ungeniambia yale maneno usoni, tungebishana, tukanywa chai, yakaisha. Hilo ndilo linaniuma kuliko maneno yenyewe. Na ninakukumbuka, sikatai. Hasa dakika za mwisho, tukiongoza kwa bao moja tu, na hakuna wa kuniambia nitulie.

Pumzika sasa. Nakuahidi vijana hawatakosa mtu wa kumwangalia mambo yakiharibika. Lakini msimu ujao watacheza mpira wa chini, pasi fupi, ule uliokuwa unaukataa kila Jumamosi. Usipoupenda, piga kelele huko uliko. Nitakusikia vizuri sana, na sitabadilisha kitu.

Njoroge