Mutokaa Uliyoiachia Kutu

Baba Ketsia,

Papy, mudogo yako, alifika hapa juzi. Alikaa kwenye kiti bila kuegemea, nikajua ametumwa. Nilimpa maji, akanywa yote, ndipo akasema: "Mama Ketsia, yaya, mukubwa yangu, anasema siku ya Mungu, Jumapili hii, atakuja kukamata mutokaa yake. Anasikia inatembea muzuri."

Nikamuuliza: "Na batoto yake, anasikia iko namna gani?"

Papy akaomba maji mengine.

Basi nakuandikia. Barua hii nimempa bila bahasha. Akitaka kuisoma njiani, aisome, na mwenzake wa safari aisome.

Unakumbuka siku mutokaa ile ilipoingia kwenye lupango letu, hapa uani? Ilikuwa tayari muzee, bluu yake imepauka kama nguo iliyofuliwa miaka. Mama yako aliinyunyizia maji ya baraka kwenye boneti. Wewe ulinifundisha kuendesha kwenye barabara ya vumbi huku nyuma, nikiwa na mimba ya Ketsia, tumbo linagusa usukani. "Usiogope, mama, haiwezi kukukimbiza, iko muzee." Tulicheka mpaka injini ikazimika. Wakati ule nilikupenda, sitaandika uongo.

Kila Jumapili kabla ya misa ulifungua boneti, ukavuta kile kijiti cha kupimia mafuta ya injini, ukakipanguza na kitambaa cha mutoto. Nilikuwa napiga kelele: "Hicho ni cha Ketsia!" Nawe unagonga injini kwa kiganja: "Na huyu naye ni mutoto yangu." Nilidhani ni utani wa baba mwenye furaha. Sasa najua kwamba hata huyo mutoto wa chuma hukumtunza.

Kwa maana ulimnywesha nini? Yale mafuta mazito ya kando ya barabara, ya kwenye bidoni ya plastiki, hayana jina hayana baba. Fundi Kabwe alikuambia mbele yangu: "Papa, injini hii imechoka. Weka sentetiki, yale mafuta mepesi ya kiwandani. Asubuhi ya baridi inapanda juu mbio, haiachi vyuma visagane." Ukamcheka. "Sentetiki ni maji! Muzee anakula bukari, ugali ya nguvu, we unataka kumupa chai?" Bantu wote waliokuwa pale garage wakacheka nawe, na wewe ulipenda sana kuchekewa.

Injini ikigonga, uliongeza mazito zaidi, ikanyamaza. Kupona hukujali. Ulitaka inyamaze tu.

Mwezi wa sita ule, siku ya kumzaa Dodo, unaikumbuka? Baridi inauma masikio. Mimi niko kiti cha nyuma, nimeshika mlango kwa mikono miwili, na mbele taa nyekundu ya mafuta imewaka. Ulisimama katikati ya njia. Ulitoka na bidoni yako, ukamwaga taratibu, ukategesha sikio. Nilikuita mara ngapi? Ukarudi dirishani umefurahi: "Unasikia? Inanyamaza." Basi na mimi nikanyamaza. Nilikuwa nimezoea. Dodo alitoka tulipofika tu mlangoni pa maternité, nyumba ya kuzalia, masista hawajavaa hata glavu.

Baadaye ulipata kazi upande wa migodi ya Kinsevere. Mwanzo ulirudi kila juma, halafu kila mwezi, halafu ikarudi sauti kwenye simu. Baba Ketsia, Kinsevere sio Ulaya. Bantu ya kwetu wanaenda asubuhi, magharibi wako nyumbani wanakula. Ndio hao walionieleza kuhusu nyumba yako ya kule na mama mwingine aliye ndani. Mutokaa ilipokataa kuwaka, nilikupigia. Ulisema: "Uzisha ku bantu ya kununua vyuma vya zamani. Ile imekufa." Kuhusu homa ya Dodo, niliyokuambia kwanza, hukujibu kitu.

Sikuiuza. Usidhani ni mapendo. Batoto walitaka kula, na kuendesha ndiyo kazi pekee uliyonifundisha.

Fundi Kabwe alipofungua chini ya injini, mafuta yako yalitoka kama lami, mengine aliyavuta na kijiti. Akasema: "Mama, hii haikufa. Ilizibwa." Akamimina sentetiki, nyepesi, inang'aa kama asali changa. Nilikuwa na woga. Na woga ulikuwa na haki yake: uchafu wako ndio uliokuwa unaziba mipira ya kuzuia mafuta, iliyochakaa, na ulipoanza kusafika, mafuta yakavuja. Kila asubuhi doa jeusi mbele ya mlango. Jirani, Mama Sifa, akapita na beseni lake kichwani: "Eh, Mama Ketsia! Mutokaa yako nayo inaona mwezi?" Lupango zima likacheka. Na kule kugonga kukarudi, kukubwa kuliko zamani.

Nililia siku ile. Nilisema labda ulikuwa na haki. Nikamwambia Kabwe aniwekee tu mazito, nimechoka. Akakataa: "Hapana, mama. Iache ipige kelele, njo hapo tutajua penye inauma."

Tukaiacha ipige kelele. Mpira mmoja tukabadilisha, nikangoja mpaka nipate pesa ya wa pili. Mafuta yalikuwa meusi haraka kwa sababu yalikuwa yanaosha, tukamwaga mapema, tukaweka filta mpya. Pole pole doa likapungua, halafu likaisha, na kule kugonga nako. Sasa asubuhi ya baridi nageuza ufunguo mara moja tu. Nabeba batoto ya jirani kwenda shule, halafu nabeba magunia ya mama wa sokoni. Jioni mgongo unaniuma mpaka nalala na viatu. Lakini tunakula.

Ketsia sasa ndiye anayevuta kijiti. Dodo aliniuliza: "Mama, baba naye alikuwa anaendesha hii?" Nilisema ndiyo. Sijamwambia mahali tuliposimama siku ya kumzaa. Ataniuliza, nitamwambia.

Kwa hiyo Jumapili njoo. Njoo uone batoto; Dodo anajua sauti yako tu, na hata hiyo anaisahau. Nitapika, utakula. Lakini mutokaa hautoki nayo. Ukitaka, leta baba yako mdogo na wazee wote wa jamaa, nitayasema haya mbele yao, na sitanyamaza.

Chako kipo, usifikiri nimekudhulumu. Yale mafuta meusi Kabwe aliyoyatoa, sikuyatupa. Nilipaka miti ya uzio wa lupango, mchwa wasile. Mpaka leo imesimama. Tangu uende, hiyo ndiyo kazi moja uliyofanya hapa nyumbani. Kama lazima uondoke na mali yako, anza na mti wa mlangoni, upanguze mafuta yako kwenye miti yote. Kile kitambaa cha Ketsia bado kiko. Nitakupa.

Ni miye,
mama ya batoto yako.