Mbio za Siku ile Tairi Lilipopasuka

Dada yangu Mwajuma,

Mwanao amenipigia simu kutoka huko kwenye baridi mlikohamia. Anataka kujua "dash" na "bolt" za Kiingereza zina tofauti gani, maana kamusi yake inasema zote ni kukimbia ghafla. Eti wewe ndiye uliyemwambia aniulize mimi, mama yake mdogo. Nilicheka, nikasema nitamjibu kesho. Tangu hapo sijatulia.

Unaikumbuka ile kamusi isiyo na jalada aliyotuletea Papa kutoka Kigoma? Vita vilikuwa vimefunga shule, nawe ukaugeuza ua wetu wa Kalemie kuwa darasa. Hukukubali kwamba nimelijua neno mpaka nilifanye kwa mwili. "Jump", miguu iache ardhi. "Flinch" ulinifundisha kwa kuleta kidole ghafla karibu na jicho langu: miguu imebaki, mwili umejikunja. "Dash" ni Mama akiwahi nguo kambani mvua inapoanza. Kwa "bolt" ulifungua tenga la kuku. Nilikuuliza kama kuku yule anajua anakokimbilia.

"Hajui," ulisema kwa Kiswahili chetu cha Kalemie. "Njo bolt ile."

Halafu siku ile tulipokwenda sokoni kununua ndagala, wale dagaa wa ziwani, tairi la lori likapasuka, na sote tukadhani ni risasi. Wewe ulijikunja tu, mkono wako umeshika wangu. Mimi nikauchomoa mkono nikatimua mbio. Ulianguka, watu wakakukanyaga, kifundo cha mkono kikavunjika.

Jioni uliniuliza nilikimbilia wapi. Nikasema nilikwenda kumwita Papa. Uliniamini, dada, ukamwambia Papa mbele yangu, "Mudogo wangu njo aliniokoa." Papa akanimegea samaki wake, nami nikala. Naona aibu mpaka leo.

Papa nilikutana naye kwa bahati tu, kwenye reli, bado nakimbia. Yeye ndiye aliyeuliza, "Dada yako iko wapi?" Ndipo nikakukumbuka.

Najua kifundo hicho kinakuuma huko kwenye baridi. Nisamehe. Nitakapompigia mwanao nitamweleza habari za Mama na nguo zake, na za kuku. Lakini wewe nataka ulisikie kwangu kwanza: siku ile sikuwa nakwenda kumwita Papa. Sikuwa nakwenda popote.

Nakushika mkono, ule mzima na ule mwingine.

Mdogo wako