Ukuta Nilioupiga Lipu Mwenyewe

Jumatatu, 4 Agosti
Nimetoka kazini, saruji puani, nimeoga maji ya chumvi. Nikampigia Mwende kwa video. Uso wake umeganda tena, mdomo wazi kama samaki sokoni. Binti yangu mwenyewe, nikachukia kumtazama. Kifurushi changu cha intaneti ndicho chenye kasi kuliko vyote. Mwanzoni kilikwenda. Sasa takataka tupu.

Jumamosi wakwe, watu wa mchumba wake Mwende, wanafika kwetu Kitui. Msimamizi kaninyima ruhusa, nitawapokea kwa video. Nisiposikika, ndugu yangu Musyoka atasema badala yangu, naye anataka Mwende aache chuo aolewe upesi. Mimi nataka amalize.

Jumanne, 5 Agosti
Nimeipigia kampuni ya intaneti. Muziki wa kusubirisha, unachefua. Kisha: zima, washa. Ruta iko kwa Bi Rukia, mwenye nyumba, maana waya umeingilia upande wake na tunatumia pamoja. Ni mjane. Mimi mwanamume mgeni, siingii ndani kwake. Nabisha, anaizima, anaiwasha. Mara ya saba akasema, "Bwana Mutua, chombo hiki ni taa ya harusi?"

Jumatano, 6 Agosti
Bado. Bi Rukia kasema, kama kila siku, nimeziba ndia. Ndivyo wanavyoita njia hapa Amu, yaani Lamu. Nikajua ni ule mchanga wa ujenzi niliomwaga kichochoroni. Nimeuhamisha wote kwa karai, nikikanyaga mavi ya punda, nikitukana kimoyomoyo. Nauchukia mji huu.

Alhamisi, 7 Agosti
Fundi wa intaneti kaja. Kapima kwa Bi Rukia: kasi yote ipo. Kapima kwangu: karibu hakuna. Nikamwita mvivu. Akagonga ukuta wa kati ya kwangu na kwa Bi Rukia kwa kidole.

"Mzee, humu ndani mna chuma? Chuma huzuia mawimbi."

Bi Rukia akadakia nyuma ya mlango, "Si ndiyo namwambia kila siku! Kwangu yaenda mbio, kwake haina ndia. Kaiziba mwenyewe!"

Kumbe hakuwa akiuzungumzia mchanga.

Ukuta huo nimeupiga lipu mimi, mwezi uliopita. Yeye alitaka chokaa kama wazee wake. Nikamwambia chokaa ni mambo ya kale. Nikapigilia wavu wa chuma ukuta mzima, nikapaka saruji. Nikajisifu mbele yake. Wiki nzima nimewatukana watu. Nimejichukia.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimeomba nusu siku. Bi Rukia kakubali nitoboe ukuta baada ya swala. Patasi, nyundo, koleo la kukatia wavu. Lipu safi kuliko zote nilizowahi kupiga, nimeivunja kwa mkono wangu. Jiwe la matumbawe likatoka vipande vipande hadi mwanga wa upande wa pili ukaonekana. Yeye kule anakohoa vumbi.

"Basi, tundu hili usilizibe tena. Sasa ni kidaka cha ukutani. Kiwekwe humo chombo chako."

Ruta imekaa ndani ya tundu. Upande wake katundika pazia.

Jumamosi, 9 Agosti
Uso wa Mwende haukuganda. Nikasema amalize chuo kwanza, mengine baadaye. Mzee wa wakwe akakubali. Musyoka akatazama viatu vyake.

Mwende akasema, "Baba, una vumbi kwenye nyusi."

Nimefagia chumba. Bi Rukia amepaka kingo za kidaka chokaa upande wake, laini kabisa. Upande wangu mawe bado wazi. Nitamwomba anionyeshe chokaa inavyochanganywa.