Baba, Mimi Bado Si Daktari

Mbeya,
Jumatano, baada ya vipindi vya mchana

Kwako Baba yangu mpenzi,

Assalaam alaykum, na shikamoo Baba. Najua umeshasema marahaba kabla hujamaliza mstari, nami nimeipokea huku huku kwenye baridi. Mama hajambo? Mdogo wangu Saumu hajambo? Cherehani nayo haijaanza tena kukata uzi? Mimi mzima, alhamdulillahi, ila pua tu. Pua inatiririka tangu niliposhuka kwenye basi. Baba, huku asubuhi maji ya bombani yanang'ata! Wenyeji wanapita zao na masweta wanamcheka mtoto wa pwani anayetawadha huku anapiga mayowe. Chakula kipo, na mchele wao mtamu kweli, ila nazi hawaijui. Siku ya kwanza niliwekewa wali na maharage makavu makavu, nikadhani mpishi kaugua.

Utajiuliza kwa nini nimeandika barua na simu ipo. Baba yangu, simu yako haina siri. Nikipiga tu unaweka sauti ya juu, unailaza juu ya meza ya kukatia, na baraza nzima inakusikia: "Nyamazeni, nyamazeni, Daktari huyu!" Hapo Mzee Kondo anaacha kumimina kahawa aniulize habari za mgongo wake, na wateja waliofuata kanzu zao nao wana lao la kuuliza. Haya ninayotaka kukwambia siwezi kuyasema mbele ya Mzee Kondo. Kwa hiyo nimempa bahasha hii mama mmoja wa jikoni hapa chuoni, anasafiri kesho kwenda Dar, na Saumu ataipokea Ijumaa. Isome chumbani, peke yako, na miwani uvae. Ukimaliza, ukitaka kugomba, gomba.

Nianze na kidole chako cha mguu. Saumu kanitumia picha, na usimseme mtoto wa watu, mimi ndiye niliyemlazimisha. Nimekitazama kidonda hicho mpaka macho yameniuma. Wiki tatu, Baba! Wiki tatu tangu ukanyage ile pini, hakijafunga, ngozi ya pembeni imebadilika rangi, na wewe bado unakanyaga pedeli kutwa nzima eti sare za shule zinasubiriwa. Mama anasema kakubembeleza uende hospitali mpaka kachoka, na jibu lako ni moja: "Niende kwa daktari wa watu na wangu ninaye? Watu watasemaje? Si watasema binti yangu hajui kazi?"

Saumu aliponiandikia maneno hayo nilicheka. Halafu nikalia, tena mbele za watu, kwenye foleni ya chai. Yaani unauacha mguu uharibike ili usinivunjie heshima!

Basi nisikilize, Baba. Mimi bado si daktari. Sijawahi kuwa daktari hata siku moja. Sikukudanganya kwa mdomo wangu, lakini nilikuona unaamini nikanyamaza, na kwangu hilo ni kosa lile lile.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana ukiyasikia nusu utadhani nimefukuzwa kazi.

Siku yalipotoka matokeo ya kidato cha nne huwezi kuwa umeisahau. Daraja la tatu, tena mkiani kabisa, pointi moja zaidi ningeangukia la nne. C tatu na D tupu. Waliochaguliwa kwenda kidato cha tano walitajwa, jina langu halikuwemo, na mimi nikajifungia chumbani kama mwari. Wewe ulikuwa barazani unashona. Nilikusikia ukimuuliza Saumu, "Hiyo D maana yake nini?" Saumu akasema, "Kafaulu Baba, lakini kaponea chupuchupu." Ukasema, "Si kapona lakini?" Ukaendelea kushona. Mama alilia siku mbili, shangazi alinichukua Kiwangwa nikapalilie mananasi nisahau, lakini mimi kilichonitoa chumbani ni hilo neno lako.

Zile D zangu za fizikia, kemia na baiolojia ndizo zilizotosha kuniingiza chuo cha afya. Na Baba, mtihani wa kwanza wa mwili wa binadamu nilifeli. Hilo nalo sikukwambia. Nilikuwa nakariri tu kama nilivyokuwa nakariri sekondari, majina ya misuli naimba kama kasida, nikifika kwenye mtihani hayapo. Nikasema basi, hii akili yangu ndiyo ilipoishia. Ila nilikuwa nimefungia madaftari kwa yale makaratasi yako ya kaki ya kuchorea vipimo. Siku moja, kwa hasira tu, nililibandua moja nikachora mkono wa mtu, kisha jingine juu yake, na jingine, kama wewe unavyoweka kitambaa na bitana. Msuli huu unaanzia hapa, umeshonewa pale, ukivutwa kidole kinainuka. Wallahi nikaelewa! Kumbe mimi si mjinga, mimi ni mtoto wa fundi, kitu mpaka nikikate nikiunge. Makaratasi yakaisha, nikakuomba mengine, ukauliza huko mnashona? Nikasema ndiyo. Mwaka wa tatu wenzangu walikuwa wanajazana chumbani kwangu niwafundishe kwa makaratasi yako, na nilipomaliza nilikuwa wa pili darasani.

Wa pili, lakini wa utabibu. Hapa ndipo kosa lilipozaliwa. Niliporudi nyumbani na cheti nilikwambia vizuri kabisa, mbele ya baraza, "Baba, mimi ni tabibu, si daktari." Nawe ukacheka. "Sasa tofauti iko wapi? Tabibu Kiarabu, daktari Kizungu!" Watu wote wakaangua kicheko, Mzee Kondo akasema tena cha Kiarabu ndicho kizito, na mimi nikacheka nao. Nilipaswa kusema hapana, Baba, serikalini haya ni mambo mawili. Tabibu kasoma miaka mitatu, anatibu malaria, anashona jeraha, anazalisha, na akiona jambo limemzidi anaandika rufaa. Daktari kasoma zaidi ya hapo. Lakini ulikuwa na furaha ambayo sijaiona usoni mwako tangu tuhamie nyumba hiyo mnayokaa, nikaona haya kukuharibia.

Kisha ukanishonea koti. Baba, koti lile! Hakuna fundi wa dukani anayejua kukunja kola vile. Nililifungulia Miono, kwenye kituo cha afya nilikopangiwa kazi, nikalikunjua, nikakuta kifuani umedarizi kwa uzi wa kijani: Dkt. Zuhura. Nililivaa siku moja. Mganga mfawidhi, mkuu wetu wa kituo, mama mtu mzima mwenye adabu zake, aliniita pembeni akaniambia, "Mwanangu, koti zuri, ila hizo herufi si zako." Nikarudi chumbani nikazifumua kwa wembe. Umedarizi imara, nikakaa saa nzima. Nilikuwa nafumua huku nalia, matundu yakabaki, nikawa nayaziba kwa kalamu mfukoni. Ndiyo sababu kila nikija nyumbani koti limekunjwa ndani ya mkoba, na Mama akisema "nipe nilifue" naruka kama nimeona nyoka. Nisamehe, Baba. Kazi ya mikono yako sijawahi kuifumua ila hiyo.

Miono nilipapenda. Wazee wanakuja na Kikwere chao, natikisa kichwa, nesi ananitafsiria. Kilichoniondoa ni mtoto mmoja aliyeletwa na mama yake, anahema kwa shida, moyo unapiga mapigo ambayo sikuyaelewa. Nilifanya yote niliyofundishwa, yakaisha. Nikaandika rufaa, gari likamchukua, nami nikabaki nimesimama uani na kalamu mkononi. Baada ya mwezi yule mama alirudi kunisalimia, mtoto anakimbia anakimbizana na kuku. Akanishika mkono, "Asante daktari." Nilifurahi, sitaki kusema uongo. Lakini nilitaka kujua kule walimfanya nini! Swali hilo likanikaa rohoni, sili nikashiba.

Nikaomba chuo kikuu kimya kimya. Niliona nikikosa, nikose peke yangu. Na unajua walichonitazama? Mbali na matokeo yangu ya utabibu, walirudi mpaka kidato cha nne, wakatafuta hata D ya hesabu. Mwenzangu mmoja ana alama nzuri kunishinda, ila hesabu alipata F, karudishwa. Mimi ninayo ile D niliyoionea aibu miaka yote! Nilipoona jina langu kwenye orodha nilipiga kigelegele ofisini, mganga mfawidhi akaja mbio akidhani kuna anayejifungua.

Kwa hiyo, Baba, hii si kozi. Nilipokwambia nakwenda Mbeya kusoma zaidi, ulitangaza barazani "Daktari anakwenda kozi," nami nikaacha hilo nalo lipite. Nimechaguliwa kusomea udaktari wenyewe. Ni miaka mitano, na baada ya hapo mwaka mmoja wa kufanya kazi hospitalini chini ya wakubwa. Nasoma na vijana waliotoka kidato cha sita na alama zao zinazong'aa, wananiita dada, na wiki iliyopita walinipigia makofi nilipoeleza mishipa ya bega. Namuomba Mungu, na nakuomba na wewe radhi yako, maana safari hii niliianza bila kukuaga kwa ukweli.

Sasa kosa kubwa kuliko yote, na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Siku ile uliyonipigia ukasema, "Daktari, nina kijidonda, nitajie dawa," watu walikuwa barazani wanangoja jibu langu. Nilijua una sukari. Nilijua kabisa kwamba mwenye sukari akiumia mguu hatajiwi dawa kwa simu, anatazamwa, anapimwa, anasafishwa kidonda na mtu anayekiona. Nikaona haya. Nikaogopa watu wataona Daktari wako hana analolijua ila kumwambia mtu nenda hospitali. Nikakutajia vidonge. Ukawaambia akina Mzee Kondo, "Mmesikia?" na ukavinywa, na hukwenda popote, kwa sababu yangu. Wiki tatu hizo nimekupotezea mimi, Baba. Na jana na juzi nilipokupigia ukaniambia tena mbele ya watu, "We nitajie vingine vyenye nguvu," nikakata simu.

Unasema hakiumi, kwa hiyo hakina neno. Baba, hapo ndipo penye neno. Sukari imeua hisia za mguu. Kidonda kama hicho kingemuuma mtu mwingine asilale, nawe unakanyagia pedeli. Usikiloweke kwenye maji ya moto ya chumvi, usikikate ngozi kwa mkasi wako, usikipake mafuta ya nyonyo. Nenda hospitali na Mama, chukua na vidonge vyako vya sukari uwaonyeshe, na uwaambie pia vile nilivyokutajia mimi. Usinifiche. Taja jina langu kabisa.

Wala hunivunjii heshima. Hata daktari aliyesoma mpaka nywele zikaota mvi hamtibu baba yake kwa simu. Watu wakiuliza binti yako yuko wapi, waambie yuko shule. Wakicheka, waache wacheke, watacheka miaka mitano watachoka.

Mpe Mama salamu zangu, na umwambie nimeshajua nani aliyenifungia ile bahasha ya ubuyu chini ya nguo, ulikwisha kabla ya Morogoro. Msalimie Saumu, mdogo wangu mwenye picha zake, mwambie nampenda na asiogope ukimnunia. Shangazi wa Kiwangwa umwambie mikono iliyochomwa na mananasi yake sasa inashika mifupa ya watu. Na Mzee Kondo, rafiki yako wa kahawa, mpe salamu zake, naye aende mgongo wake ukaonwe, mambo ya kungoja Daktari apige simu yaishe.

Baba, ukisha kuikunja barua hii, usirudi kwenye cherehani. Sare zitangoja, wazazi wa watoto watanung'unika, basi wanung'unike. Vaa kanzu, mwite Mama, mwende leo hii Ijumaa baada ya sala. Siku nitakayoitwa daktari kwa haki nataka uwe umesimama ukumbini, na nataka uwe umesimama kwa miguu yako miwili.

Mwanao,
Zuhura,
mwanafunzi wa mwaka wa kwanza