Eropleni Imeshiba

Garsen, Alhamisi jioni, mwezi wa Mei

Mvua imesita tangu alfajiri, lakini mto haujapungua hata kidogo. Maji yamefika kwenye migomba ya nyuma ya nyumba. Upepo wa kusi unavuma. Naogopa.

Nimeliandika neno hilo mapema ili nisilizungukezunguke. Naogopa tangu juzi, na leo nimeogopa mpaka meno yakagongana mchana wa jua kali. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Mwanangu Raheli, miaka saba, saa hizi yuko hospitali ya Malindi, au yuko mahali nisipopajua. Kuna na la tatu. Hilo siliandiki.

Lilianza tumbo. Juzi alilala amejikunja, hataki uji, hataki kuguswa. Jana tumbo likawa gumu kama ubao. Dresa wa zahanati alimbonyeza kidogo tu akaondoa mkono haraka, nami nikauona uso wake. Akasema mtoto huyu apasuliwe, na hapa hapana wa kumpasua. Barabara ya Malindi iko chini ya maji. Akakimbia kwa polisi wenye simu ya upepo, akarudi kuniambia eropleni itakuja asubuhi.

"Utampakata mwenyewe njiani," akasema. "Viti ni viwili tu, cha rubani na chako."

Basi hofu yangu ikazaa nyingine. Mimi ni mtu wa kukaa katikati ya mtumbwi na kushika kingo zote mbili, watu wakanicheka, nikawatukana. Baba yake Raheli yuko Mombasa, anapakua meli bandarini, hajui lolote. Nilimtazama mama mkwe. Mama mkwe akasema chombo kisichogusa maji wala ardhi yeye hakipandi hata kwa dawa.

Tangu mafuriko yaingie, mbele ya nyumba yetu pamekuwa ziwa, na ziwani wamejaa mwari, wale ndege wakubwa weupe wenye mfuko chini ya mdomo. Raheli huwatazama kutwa, na amenitia mimi ugonjwa huo. Ndege mzito vile haruki hivi hivi tu. Kwanza anageukia upepo unakotoka. Halafu anapiga mbio juu ya maji, miguu yote miwili kwa pamoja, pa! pa! pa!, mabawa yanachapa maji, nawe unasema leo huyu hafiki. Anataka nafasi ndefu. Lakini akishapanda, lo, hana kazi tena. Jua likishapasha nchi, hewa inapanda, naye anatandaza mabawa na kupanda nayo, anazunguka, anazunguka, bila kupiga bawa hata mara moja. Wakifika juu kabisa wanajipanga mstari na kushika njia ya baharini, safari ya siku nzima, na jasho hawatoi. Raheli kila siku huniuliza wanalala wapi. Kila siku namwambia sijui.

Na mwari aliyeshiba hawezi kuruka kabisa. Watoto wakimkimbiza, anachapa maji, anashindwa, anachapa tena, mwisho anatapika samaki wake wote ndipo anainuka. Raheli hulicheka hilo mpaka anakaa chini.

Eropleni ilikuja jua likiwa limepanda. Jamani, ndogo! Ni kama mtumbwi uliofunikwa turubai. Ilitua kwenye malisho ya Waorma, ambayo nusu yake imeshaliwa na maji. Barisa, Mworma anayetuuzia maziwa, alikuwa ameshaondoa ng'ombe wake. Rubani, Mzungu kijana, alikitembea kiwanja chote kwa miguu, akichoma tope kwa kisigino. Hakufurahi. Akatuambia kapu dogo moja tu, halafu akafungua mashine na kuingiza kichwa ndani.

Kapu dogo moja! Nani wa kuwaambia hayo watu wa kwetu? Msafiri haondoki hapa bila masurufu, na msafiri mgonjwa ndiyo kabisa. Kumwacha aende mikono mitupu ni kama kumwambia asirudi. Rubani akiwa bado anachungulia mashine yake, mama mkwe akapitisha mchele nyuma ya kiti changu, gunia zima, si kibaba. Majirani wakaleta samaki wakavu, mkungu wa ndizi, asali. Barisa akaja na kibuyu cha maziwa kikubwa cha kulisha nyumba.

"Mtoto hapana kwenda safari bila maziwa," akasema, akakisukuma mpaka mkiani.

Niliviona vyote. Sikusema kitu. Nilikuwa nimempakata mtoto nasali, na kusema kweli vitu vile vilinipa moyo. Nilijiona naenda mahali ambapo watu wanapika, wanakula, kisha wanarudi kwao.

Rubani akapanda, akawasha. Tukaanza kukimbia, upepo usoni, tope likirukia dirishani. Tukakimbia, tukakimbia, mkia hauinuki. Mbele nikaona maji ya kahawia yanatujia, na mwari juu yake. Rubani akapiga ukelele kwa lugha yao, akavuta kitu. Tulisimama karibu kabisa na maji, tumekaa upande. Nilikuwa nimejikojolea. Naandika kama ilivyokuwa.

Raheli hakuwa amesema neno tangu asubuhi. Akafungua macho kifuani pangu.

"Mama, imeshiba."

Rubani akageuka. "Anasema nini?"

"Eropleni," nikamwambia, kwa sauti ambayo si yangu. "Anasema imeshiba."

Akatazama nyuma ya kiti changu. Akavuta gunia. Akavuta mkungu. Alipofikia kibuyu, akashika kichwa kwa mikono miwili. Nilingoja matusi, hakutukana. Alirusha vitu nje kimoja kimoja, na watu waliokuwa wametukimbilia wakawa wanavipokea. Gunia lilipasukia topeni. Mama mkwe akalikumbatia hivyo hivyo, mchele ukimwagika miguuni pake.

"Nimemuua mjukuu wangu," alikuwa akilia. "Mungu wangu, nimemuua kwa mchele."

Wanaume wakaisukuma eropleni mpaka mwanzo wa kiwanja. Rubani akakaa, asiwashe. Aliyatazama maji, akautazama upepo kwenye nyasi, akanitazama mimi.

"Sasa labda naweza," akasema. "Wewe na mtoto, labda. Mtoto peke yake, naweza."

Hakuniamuru. Afadhali angeniamuru.

Nilishuka.

Nilimlaza Raheli kitini, nikamfunga kwa mkanda na kwa leso yangu, nikamwambia mama anakuja nyuma. Alikuwa amenishika kidole. Nikakitoa kidole changu, ndipo nikashuka.

Ikakimbia tena. Safari hii mkia uliinuka. Magurudumu yaliacha ardhi, yakarudi, yakaacha tena, ikapita juu ya maji chini chini mpaka mwari wote wakashtuka na kuanza kukimbia, pa! pa! pa!, wote upande ule ule wa upepo. Kwa muda ule eropleni na ndege walikuwa kundi moja, nami sikujua nani atainuka na nani atabaki majini. Kisha ikapanda. Watu wakapiga vigelegele. Mimi nilikaa chini topeni. Mwari walibaki wanazunguka juu yetu, wametulia kama hawakuwahi kuhangaika, na eropleni ikanyoosha kusini mpaka sauti yake ikaisha.

Jioni hii dresa amekwenda polisi, akarudi, akaenda tena. Simu ya upepo inakoroma tu. Hakuna habari.

Sasa nilitoe linalonitafuna. Rubani aliposema maneno yale, miguu yangu ilifurahi. Kabla sijamfikiria mtoto, kabla sijafikiria uzito wala maji, miguu ilisikia kwamba inaweza kukanyaga ardhi, ikafurahi. Baadaye ndipo akili ikaja na sababu zake nzuri. Watu wananisifu tangu mchana, eti moyo gani huo wa mama. Barisa amenishika mkono, na Barisa si mtu wa kushika mikono ya wanawake. Nimewanyamazia wote. Nilishuka kwa ajili yake, au kwa ajili yangu? Na kule juu, alipogeuka akakuta kiti hakina mtu wa kumpakata, alisema nini?

Rubani mwenyewe alisema "labda", na "labda" haina upande.

Mama mkwe hajala. Ameokota mchele wake topeni, ameuosha maji baada ya maji, ameuanika kwenye ungo. Nikamwuliza, kwa ukali ambao hakustahili, wa nini tena mchele huo.

"Wa njiani," akasema.

Nilidhani amechanganyikiwa. Akanionyesha mtumbwi alioufunga kwenye mgomba. Alfajiri atanivusha mpaka Tarasaa, kwenye nchi kavu. Kutoka huko ni miguu mpaka Malindi, na lori likipatikana, lori. Hatukai kungoja simu inayokoroma. Yeye eropleni haiwezi, ila mtumbwi hajashindwa nao tangu alipokuwa msichana.

"Kibaba kimoja tu nimechukua," akaongeza, bila kunitazama. Nikamshika bega, tukalia kidogo.

Maji yale yanakwenda kasi, na yana mamba. Nitakaa katikati na kushika kingo zote mbili, na atakayetaka kucheka acheke. Lakini mamba siwaogopi kama ninavyoogopa mlango wa hospitali, na mtu nitakayemkuta pale, na namna atakavyonitazama nikimtajia jina la mwanangu.

Nilimwambia nakuja nyuma. Miguu hii iliyofurahi leo, kesho itanipeleka.